Ushanga Haupozwi kwa Haraka

Mama msomaji, ukipita Moshono asubuhi ukatukuta akina mama watatu tumeinama kando ya mtaro tunaokota chupa tupu, usitushangae. Hatujaanza kunywa, wala hatujarukwa na akili. Tunatafuta shanga.

Chupa za soda na za bia hatuzigusi, maana hizo zina wenyewe; hurudi dukani na kreti yake. Tunazozitafuta ni zile zisizo na pa kurudi: za mvinyo, za pombe kali, za jemu, za sosi. Siku za mwanzo jirani mmoja alisimama akatutazama, kisha akatuuliza, "Jamani, hata ninyi mama zetu wa kanisani mmefikia kubeba chupa za pombe?" Tulicheka naye, tukambebesha mfuko mmoja. Siku hizi anatuwekea chupa zake nje ya geti, zimekwisha kuoshwa.

Hatuandiki haya kwa kujisifu kwamba tunaijua sana kazi ya kioo. Bado tunajifunza. Tunaandika kwa sababu kazi hii ilitufundisha jambo moja kuhusu watoto wetu ambalo tulipaswa kulijua zamani, nasi tukalijua kwa hasara. Huenda mama mwenzetu ukalipata bure.

Shanga zilizotoka mbali

Mmoja wetu ni Mmeru wa Akheri, wa pili ni Mwarusha, na wa tatu ni Mchaga aliyeolewa huku. Sote tulikua tukiziona shanga shingoni na mikononi mwa bibi zetu na majirani zetu Wamasai. Kwa miaka mingi tulitunga mikufu na bangili, tukaziuza mjini kwa wageni wanaopita Arusha kwenda mbugani. Shanga zenyewe tulinunua dukani kwa kipimo, wala hatukuwahi kujiuliza zinatengenezwa na nani.

Siku moja mama mmoja mgeni alishika mkufu wetu, akauelekeza kwenye jua, akauliza: "Na shanga hizi mmezitengeneza wenyewe?" Tulitazamana. Zilikuwa shanga kutoka Jamhuri ya Cheki. Uzi ulikuwa wetu, mikono ilikuwa yetu, lakini kioo kilikuwa cha watu wengine. Tulimjibu ukweli. Alinunua vilevile, ila swali lake halikuondoka naye.

Tulipoanza kuuliza na kusoma, tuliona kwamba mambo yamekuwa hivyo tangu zamani. Katika magofu ya Kilwa zimechimbuliwa shanga za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita. Wakati wa misafara ya karne ya 19, shanga kutoka Venisi zilikuwa ndiyo fedha ya njiani. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba zilikuwapo aina kama 400, kila moja na jina lake na bei yake. Nyekundu iliyopendwa sana iliitwa samesame. Naye Joseph Thomson, alipotaka kupita nchi ya Wamasai mwaka 1883, ilibidi wapagazi wake wakae Taveta wakizitunga shanga upya, kwa kuwa Wamasai hawakupokea shanga ila kwa namna na kipimo walichokitaka wao. Habari hiyo hutufurahisha kila tunapoikumbuka: msafara mzima wa wanaume umeketi chini kutunga shanga, kwa sababu watu walio mbele wanajua wanachokitaka!

Baadaye biashara ya shanga ndogo ilishikwa na mafundi wa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Na shanga zao bado zinapendwa hadi leo.

Binti yetu

Mmoja wetu ana binti kiziwi. Tunasema "binti yetu" kwa sababu amekulia katika nyua zetu zote tatu na amekula makande ya kila jiko. Alipoteza usikivu akiwa na miaka miwili, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Tunamshukuru Mungu kwamba alizaliwa wakati ambapo shule zipo. Shule ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Kabla ya hapo watoto wa namna yake walikaa nyumbani tu, wakichunga au wakichota maji. Yeye alisoma shule ya bweni kule Mwanga, mkoani Kilimanjaro, akarudi likizo na lugha ya alama ambayo sisi hatukuijua.

Hebu fikiria, mama: unampokea mtoto wako kituo cha basi, na huwezi kumuuliza safari ilikuwaje. Tulijifunza polepole, tena kwa aibu, maana mikono ya mtu mzima ni migumu. Yeye ndiye aliyetupa majina yetu ya alama. Mmoja wetu ni kidole kinachogusa mwanya wa meno. Wa pili ni duara la miwani. Wa tatu ni mkono unaozunguka kichwa kama kilemba.

Alipomaliza shule, maneno yakaanza. Ndugu mmoja alisema atafutiwe kazi za ndani. Mwingine alisema aolewe upesi, atakayepatikana na apatikane. Waliyasema hayo mbele yake, wakidhani kwamba kwa kuwa hasikii basi haelewi. Alikuwa akielewa. Mtu anayeishi kwa macho huona mengi usoni pa watu.

Ndipo tulipompeleka Shanga. Ni karakana iliyo katika eneo la Arusha Coffee Lodge, nje kidogo ya mji kwa barabara ya Dodoma. Mafundi wake ni watu wenye ulemavu, na chupa zilizotumika huyeyushwa hapo zikawa glasi, mapambo na shanga. Binti yetu alisimama mbele ya tanuri kubwa akitazama kioo kikivutwa kama asali. Fundi mmoja alimwona, akaweka chini alichokishika, akamsalimu kwa alama. Walizungumza karibu robo saa, mikono ikienda mbio, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sisi watatu tulisimama pembeni tukitabasamu kama wageni kwenye arusi ya watu wasiowajua. Hatukuelewa hata nusu. Mama yake alitunong'oneza, "Kumbe hivi ndivyo anavyojisikia kila siku mezani kwetu."

Usiku ule alituuliza kwa alama: "Kioo kidogo. Nyumbani. Inawezekana?"

Moto mdogo, mikono mitulivu

Inawezekana. Kupuliza glasi kunahitaji tanuri kubwa linalowaka usiku na mchana, lakini ushanga mmoja hutengenezwa kwenye ulimi wa moto usiozidi urefu wa kiganja. Tulikopa katika kikundi chetu cha VICOBA, tukanunua mtungi wa gesi, tochi ya kuchomea, na tanuri dogo la umeme lenye ukubwa wa sufuria ya pilau. Fundi mmoja mwenye moyo mwema alitufundisha kwa majuma sita. Yeye alipokuwa akieleza kwa mdomo, sisi tulikuwa tukisahau. Binti yetu, aliyekuwa akitazama mikono yake tu, hakusahau kitu.

Kazi yenyewe ni hivi. Chupa huoshwa, ikatolewa karatasi na gundi yote. Hufungwa kwenye gunia nene na kupigwa nyundo, macho yakiwa yamekingwa. Vipande hupashwa joto pole pole, maana kioo baridi kikiingia motoni ghafla hurusha vigae. Kikishalainika, huvutwa kwa koleo kikawa ufito mwembamba kama penseli. Upande wa pili unayo spoki ya baiskeli iliyochovywa katika uji mzito wa udongo mweupe wa kaolini, kama ule wa Pugu, na kukaushwa. Udongo huo ndio unaozuia kioo kisigande kwenye chuma. Kisha mkono wa kushoto unazungusha spoki, wa kulia unaleta ufito, na kioo kinajikunja juu ya chuma kama uzi kwenye kibiringo. Mzunguko ukisimama, ushanga hulegea upande mmoja kama ugali usiosongwa vizuri. Mkono haupumziki mpaka umalize.

Kahawia, kijani na buluu havikutoka kwetu. Vimo ndani ya chupa yenyewe. Chuma hutoa ukijani, na ndiyo maana hata chupa nyeupe ukiitazama ubavuni huona ukijani kidogo. Kobalti hutoa buluu. Lakini kioo kikiwa motoni rangi yake huionei. Vyote huwaka kama kaa. Mwanzoni tulidhani tumeharibu, kumbe rangi hurudi ushanga ukipoa.

Tulijifunza pia kwamba vioo navyo vina ndoa zao. Ukichanganya kioo cha chupa moja na cha chupa nyingine katika ushanga mmoja, mara nyingi hupasuka, kwa kuwa kimoja hunywea zaidi ya kingine kinapopoa. Wanapendeza wakiwa wawili mkufuni, lakini si katika ushanga mmoja. Kwa hiyo kila chupa ina ndoo yake.

Na la mwisho ndilo kubwa. Ushanga ukitoka motoni, nje hupoa kwanza na ndani hubaki na moto. Ukiuacha mezani, hasa Juni na Julai wakati baridi ya Mlima Meru inapoteremka, hupasuka mbele ya macho yako. Sisi huuzika kwanza katika ndoo ya jivu lenye joto. Kisha, mara moja kwa juma ili kuokoa umeme, shanga zote huingia kwenye tanuri. Zinapashwa tena mpaka karibu nyuzi 550 za sentigredi, zikae hapo, halafu zishushwe taratibu usiku kucha. Ushanga usiopitia hatua hiyo huonekana mzima kabisa, lakini si mzima.

"Bado"

Mwaka uliofuata tulipata oda yetu ya kwanza kubwa. Duka moja mjini lilitaka mikufu 40, kila mmoja na shanga 12. Hizo ni shanga 480. Siku ikienda vizuri tulikuwa tukipata 40, kwa hiyo tulifanya kazi siku 12 kwa zamu. Malipo yake tulikwisha kuyapangia: rejesho la VICOBA siku ya Jumamosi, na ada ya chuo cha ufundi ya kijana wa mmoja wetu.

Shanga za juma la kwanza zilipita vizuri. Za juma la pili, 240, tuliziweka kwenye tanuri Alhamisi jioni. Mikufu ilitakiwa Ijumaa jioni. Saa mbili usiku, kabla tanuri halijafika joto lake, umeme ulikatika. Ulirudi saa saba usiku.

Binti yetu alikuwa macho. Alitushika mikono, akatuonyesha kipimo cha joto, akasema kwa alama: "Tuanze upya." Tulihesabu. Kuanza upya maana yake shanga zitoke kesho jioni, na kazi ya kuzitunga haijaanza. Tulizitazama kwa taa ya mkononi. Hazikuwa na ufa hata mmoja. Zilimetameta kama zabibu. Tukasema zimetosha.

"Bado," alisema. Tukatikisa vichwa. "Bado," akarudia, kwa nguvu zaidi. Kisha akachukua karatasi akaandika: BADO. KIOO KINA HASIRA NDANI.

Mama msomaji, tunaona haya kuandika tulichokifanya. Mama yake alimwambia kwa alama kwamba wakubwa wamekwisha kuamua, na sote watatu tukageuza nyuso zetu kwenda kwenye uzi na sindano. Mwenye kusikia ukimgeuzia uso bado anaweza kusema na akasikika. Kwa kiziwi, kumgeuzia uso ni kumziba mdomo.

Tulifikisha mikufu kwa wakati. Tulilipwa, tukasifiwa. Jumamosi tulirejesha mkopo tukiwa na vichwa juu.

Siku ya tano tuliitwa dukani. Mwenye duka alileta boksi, akalifungua bila neno. Mikufu 17. Shanga zilikuwa zimepasuka zenyewe, nyingine juu ya meza, na moja shingoni mwa mteja. Kwa rehema ya Mungu hakuumia. Mwenye duka hakutugombeza, na hilo lilituuma zaidi. Tulirudisha fedha yote ya mikufu hiyo. Ili tuipate, mbuzi wawili waliuzwa na kijana alichelewa chuo mwezi mzima.

Lakini mbuzi hupatikana. Lililotukosesha usingizi lilikuwa jingine. Tulikuwa tumewalaumu ndugu waliosema juu yake kana kwamba hayupo, na usiku ule sisi wenyewe tulifanya kama hayupo. Tena sisi tuliojifunza lugha yake! Yeye hakusikia kwa ajili ya ugonjwa. Sisi tulikuwa na masikio na macho, na hatukutaka kusikia.

Tuliketi naye uani siku iliyofuata. Kumwomba mtoto msamaha si desturi ya wengi wetu. Tumelelewa tukijua kwamba mkubwa hakosei, au akikosea hunyamaza na kukununulia gauni. Mama yake ndiye aliyeanza. Alama ya kuomba radhi anaijua, lakini mikono ilikuwa ikimtetemeka. Sisi wengine tukafuata. Binti hakutabasamu, wala hakutukumbatia. Alitutazama mmoja mmoja, akaenda kulichukua lile boksi, akamimina shanga zilizopasuka juu ya kanga na kuanza kuzipanga: hizi zilipasukia kwenye tundu, hizi katikati. Akatuashiria tusogee. Ndivyo alivyotusamehe, kwa kutufundisha.

Tunachofanya sasa

Tangu siku ile tuna sheria moja katika chumba chetu cha kazi: tanuri hufunguliwa na yeye peke yake. Pia tulijifunza kuzipima shanga zinazopenyeza mwanga. Tunachukua vioo viwili vya miwani ya jua ya polaroidi, tunavipishanisha mpaka giza liingie, kisha tunaweka ushanga katikati kuelekea mwanga. Ushanga wenye hasira ndani huonyesha michirizi inayong'aa. Uliopozwa vizuri hubaki mtulivu. Tunapokea oda chache kuliko zamani, na tarehe ya kukabidhi huwa tunamuuliza yeye kwanza. Yule mwenye duka alirudi baada ya miezi minane.

Mama, huenda nyumbani mwako hakuna kiziwi. Lakini yumkini yupo mtu ambaye ukiwa na haraka humgeuzia uso: mtoto mwenye kigugumizi, mama mkwe aliyezeeka, binti wa kazi, au mume anayeongea polepole. Pengine ana neno moja tu, nalo ni "bado". Mtazame mpaka amalize. Na kama ulikwisha kumgeuzia uso, rudi umwambie, hata kama ni mtoto wako wa kumzaa. Heshima yako haitapungua. Kwetu iliongezeka.

Ijumaa hii tanuri limejaa. Asubuhi tulimuuliza, "Tayari?" Alisogeza kiganja karibu na mfuniko, akasoma kipimo, akatikisa kichwa: bado. Basi tumekwenda kuinjika makande.